Illmatic ya Nas: albamu ya kwanza iliyokaa mtaa mmoja ikasikika hadi Ngarenaro

Habari zenu wadau wa hip hop, wa Arusha na wa kwingineko.

Nimeamua kuandika uzi huu kwa urefu kwa sababu mjadala wa albamu bora za kwanza unarudi mara kwa mara katika vijiwe vyetu hapa mjini, kuanzia Kaloleni hadi Sakina, na kila unaporudi Illmatic ya Nas, mchanaji (yaani rapa) wa New York, hutajwa kwa heshima kisha ikaachwa, kana kwamba heshima hiyo haihitaji kuelezwa. Vijana waliozaliwa baada ya albamu hiyo kutoka wana haki ya kuuliza kwa nini kazi yenye utangulizi mmoja na nyimbo 9, isiyofika hata dakika 40, iwekwe juu ya albamu zenye nyimbo 20 na wageni tele. Swali hilo ni zuri, nami nataka kulijibu kwa kuifungua albamu yenyewe badala ya kurudia sifa ambazo kila mtu amekwisha kuzisikia.

Hoja yangu ni hii: Illmatic ni kubwa kwa sababu ni kazi ya mtu anayetazama. Nas hakujaribu kuieleza dunia nzima, wala Marekani, wala hata jiji zima la New York. Alichagua majengo aliyokulia, akayakodolea macho kwa subira ambayo ni nadra kwa kijana wa miaka 20, na akaandika alichokiona kwa ufundi ambao hata leo wachanaji wengi hawajaufikia.

Majengo hayo ni Queensbridge, nyumba za kupanga za serikali zilizofunguliwa mwaka 1939 katika eneo la Queens, zikiwa na zaidi ya nyumba 3,000 ndani ya majengo 96, nao ndio mradi mkubwa kuliko yote ya aina yake Amerika Kaskazini. Kabla ya Nas, mtaa huo ulikuwa na jina tayari katika hip hop, kwani mtayarishaji Marley Marl na mchanaji MC Shan walitoka hapo. Jina hilo lilipata doa katikati ya miaka ya 1980 baada ya mchanaji KRS-One na kundi lake la Boogie Down Productions kutoka Bronx kuushambulia mtaa huo kwa nyimbo, na watu wengi wakakubaliana kwamba Queensbridge ilishindwa. Kisha ikaja dawa ya kulevya ya crack, ambayo iliziharibu familia kwa kasi, ikawapa vijana wadogo fedha na silaha, na kuwajaza magerezani. Mwaka 1992 rafiki wa karibu wa Nas, Willie Graham aliyejulikana kama Ill Will, aliuawa kwa risasi mtaani hapo hapo. Mtu akiisikiliza albamu bila kulijua hilo atadhani huzuni iliyomo ni mapambo ya msanii.

Nas mwenyewe, yaani Nasir Jones, alizaliwa Septemba 1973. Baba yake, Olu Dara, ni mwanamuziki wa jazz aliyetoka Natchez, Mississippi, hivyo kijana huyu alikulia katika nyumba yenye vyombo vya muziki, ingawa shule aliiacha mapema sana. Alisikika kwa mara ya kwanza mwaka 1991, akiwa na miaka 17, katika wimbo wa kundi la Main Source uitwao Live at the Barbeque, na ubeti wake mmoja tu ulitosha kuwafanya watu wa New York waulize huyu ni nani. Mwaka uliofuata mchanaji MC Serch alimsaidia kutoa wimbo wa Halftime na kumfikisha Columbia Records. Albamu ikatoka tarehe 19 Aprili 1994.

Sasa tuingie ndani.

Utangulizi, The Genesis, unaanza kwa sauti ya treni na muziki wa Wild Style, filamu ya hip hop ya mwaka 1983, na chini yake unasikika ubeti ule wa mwaka 1991. Watu wengi huuruka, nami nawasihi msiuruke, kwa sababu hapo kijana anajitambulisha kwa kuonyesha ukoo wake wa kisanaa kabla hajachana mstari mmoja mpya.

Halafu inakuja N.Y. State of Mind, na hapa nitakaa. Mtayarishaji DJ Premier alichukua kipande cha piano kutoka kwa Joe Chambers, mpiga ngoma wa jazz, akakiweka juu ya mapigo mazito na besi inayonguruma, na kiitikio akakitengeneza kwa kusugua santuri yenye sauti ya mchanaji mkongwe Rakim. Nas alipoingia chumba cha kurekodia, anasikika akisema kwamba hajui aanzeje, kisha anaanza, na Premier amesimulia mara nyingi kwamba ubeti wa kwanza wote ulirekodiwa kwa mara moja bila kurudiwa. Ukiusikiliza ukiwa na taarifa hiyo, utashangaa jinsi pumzi zilivyopangwa.

Sisi tuliolelewa na ushairi wa Kiswahili tuna faida hapa, kwa sababu tunajua vina vya kati na vina vya mwisho, na tunajua kazi inayohitajika kuvipatanisha bila kuiua maana. Nas anafanya zaidi ya hapo. Vina vyake havikai mahali pamoja. Vinatokea mwanzoni mwa mstari, katikati, na mwisho, na mara nyingi si silabi moja inayopatana bali silabi tatu au nne kwa mfululizo. Zaidi ya hayo, anatumia sana kile ambacho walimu wetu wa fasihi walikiita mistari mishata, yaani mstari usiojitosheleza, unaomwagikia katika mstari unaofuata ili maana ikamilike huko. Wachanaji waliomtangulia, ukimtoa Rakim na wachache wengine, walizoea kumaliza wazo pale pale pigo linapomalizika, hivyo msikilizaji alijua wazi wapi pa kupumzika. Nas anamnyima msikilizaji mapumziko hayo, na hofu ya kijana anayekimbizwa katika ubeti wa kwanza inaingia mwilini mwako kwa sababu sentensi zenyewe zinakimbia. Yeye mwenyewe anatueleza, katika wimbo wa The World Is Yours, kwamba anapoandika katika daftari lake la mashairi maneno yanapita ukingo wa karatasi. Nauona huo kuwa ufafanuzi sahihi kabisa wa mtindo wake.

Wimbo huo wa The World Is Yours ulitengenezwa na mtayarishaji Pete Rock, ambaye pia ndiye anayesikika katika kiitikio. Piano yake imetoka kwa Ahmad Jamal, mpiga piano wa jazz, katika rekodi ya mwaka 1970, na ni piano yenye mwanga wa asubuhi, tofauti kabisa na giza la N.Y. State of Mind. Jina la wimbo limetokana na maandishi yanayoonekana katika filamu ya Scarface, ambako yanamhusu muuza dawa anayetaka kumiliki kila kitu. Lakini Nas anajieleza akiwa ameketi akitazama habari za Gandhi na kuandika. Kumchukua jambazi wa sinema na kumweka jirani na Gandhi ndani ya wimbo mmoja, bila kuhubiri, ni ujasiri wa mwandishi anayewaamini wasikilizaji wake.

Kati ya nyimbo hizo mbili yupo AZ, mgeni pekee mwenye ubeti katika albamu nzima, katika wimbo wa Life's a Bitch uliotengenezwa na L.E.S. juu ya kipande cha kundi la Gap Band. Nafahamu kwamba kichwa cha wimbo huo kinawakwaza wazazi wengi, na sishangai. Hata hivyo, kilichomo ndani ni tafakuri ya vijana wawili wanaoujua ufupi wa maisha, na Nas anaamka siku anayotimiza miaka 20 akiona kwamba kufika umri huo ni baraka. Umri wa miaka 20 kuwa baraka! Mzazi yeyote wa mitaa yetu ya Unga Limited au Daraja Mbili aliyewahi kumzika kijana atauelewa mstari huo bila maelezo. Mwishoni Olu Dara anaingia na korneti, aina ya tarumbeta, baba akipuliza juu ya maneno ya mwanawe, na mimi huona kwamba hapo ndipo albamu inapokuwa na upole kuliko mahali pengine popote.

Ubeti wa AZ, kwa maoni yangu, ni bora kuliko ule wa Nas katika wimbo huo. Najua wapo watakaopinga, na ninawakaribisha wapinge kwa hoja.

Nije kwenye One Love, ambao ndio wimbo ninaoupenda kuliko yote. Q-Tip wa kundi la A Tribe Called Quest aliutengeneza kwa kutumia kipande cha ndugu wa Heath, The Heath Brothers, kutoka katika albamu yao ya miaka ya 1970, na chombo kinachosikika kikidondosha noti hizo kama matone kilipigwa na Stanley Cowell. Chombo hicho ni mbira. Msikilizaji wa Tanzania aliyewahi kuisikia ilimba ya Wagogo ikipigwa na marehemu Hukwe Zawose ataitambua sauti hiyo hata kabla hajajua jina la wimbo, kwa kuwa ni ndugu mmoja: vipande vya chuma juu ya ubao, vikipigwa kwa vidole gumba. Wakati watu wanapotuambia kwamba hip hop ni kitu cha wageni, mimi huwaelekeza kwenye wimbo huu, ambamo barua za kijana wa Queensbridge zinasomwa juu ya chombo ambacho Dodoma wanakitengeneza kwa mikono yao.

Nasema barua kwa sababu wimbo wote ni barua kwa marafiki walio gerezani. Ubeti wa kwanza unampa mfungwa habari za nyumbani: mtoto wake amezaliwa na anafanana naye, lakini mama wa mtoto haandiki wala haendi kumtembelea. Habari zinakuja kwa mpangilio ule ule ambao mtu huandika barua ya kweli, nzito na nyepesi zikichanganyika, salamu zikifuatwa na taarifa za nani amepigwa risasi na nani amegeuka. Sisi tunayo desturi ndefu ya kuandikiana barua kwa mashairi, na washairi wetu walijibizana hivyo katika kurasa za magazeti tangu enzi za Mambo Leo, kwa hiyo umbo lenyewe si geni kwetu. Kinachonigusa ni ubeti wa tatu. Hapo barua inaachwa, na Nas anasimulia jinsi alivyoondoka mtaani kwa muda mfupi ili atulize akili, na aliporudi akakutana na kijana wa miaka 12 ambaye tayari anavaa fulana ya kuzuia risasi. Anaketi naye, anamsikiliza, anampa maneno machache ya hekima, kisha anaondoka. Mwandishi wa kawaida angemfanya mtoto huyo aokoke, au angemuua ili tulie. Nas anamwacha pale alipomkuta, kwa sababu ndivyo alivyomwona, nasi tunabaki tukijua kwamba siku moja barua kama hizi huenda zikaandikwa kwa ajili yake.

Nyimbo nyingine nitazipitia haraka. Halftime ina nguvu ya kijana anayetaka kuonekana, na ngoma zake, zilizopangwa na Large Professor, bado zinatikisa spika. One Time 4 Your Mind ni wimbo wa kupumzika, na kama kungekuwa na wa kupunguza ningepunguza huo. Represent inamrudisha Premier, safari hii akiwa na kinanda cha Lee Erwin kilichotoka katika muziki wa filamu ya zamani isiyo na sauti, huku sauti za vijana wengi wa mtaa zikiitikia kwa pamoja. It Ain't Hard to Tell unafunga albamu kwa kipande cha Human Nature cha Michael Jackson, wimbo ambao karibu kila nyumba yenye redio Afrika Mashariki iliujua, hivyo kwa wasikilizaji wengi wa huku ndio mlango rahisi kuliko yote wa kuingilia.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni jinsi sauti ya albamu ilivyoshikamana ingawa watayarishaji wake ni wengi. Enzi hizo ilikuwa kawaida kwa albamu ya New York kutengenezwa na mtayarishaji mmoja au kundi moja. Hapa tuna Premier mwenye nyimbo 3, Large Professor mwenye nyimbo 3, kisha Pete Rock, Q-Tip na L.E.S. kila mmoja na wimbo wake. Mchanganyiko kama huo ungeweza kuzaa vurugu. Haukuzaa vurugu kwa sababu wote walichota katika kisima kimoja cha jazz na soul ya miaka ya nyuma, na kwa sababu juu ya midundo yote kuna sauti ya mtu mmoja anayeongea kutoka sehemu moja. Hata pande mbili za kaseti na santuri zilipewa majina ya mitaa ya Queensbridge: upande wa kwanza 40th Side North na wa pili 41st Side South. Na jalada linaonyesha uso wa Nas akiwa mtoto mdogo, umewekwa juu ya picha ya majengo yake, kiasi kwamba huwezi kusema kwa urahisi mtoto anaishia wapi na barabara inaanzia wapi.

Mapokezi yalikuwa ya aina mbili. Jarida la The Source liliipa maikrofoni 5, alama ya juu kabisa, jambo lililokuwa adimu kwa msanii mpya. Sokoni iliingia katika nafasi ya 12 ya chati ya Billboard, kisha ikatembea polepole. Ilifikia kiwango cha dhahabu (nakala nusu milioni) mwaka 1996 na platinamu (nakala milioni moja) mwaka 2001. Tukumbuke kwamba wakati huo pwani ya magharibi ya Marekani, kwa kazi za Dr. Dre na Snoop Dogg, ndiyo iliyokuwa ikitawala mauzo. Hivyo anayepima albamu kwa mauzo ya wiki za mwanzo ataikosa hii. Mwaka 2014 Nas aliipiga yote pamoja na orkestra ya taifa ya Marekani katika ukumbi wa Kennedy Center, na mwaka 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuiingiza katika hifadhi yake ya rekodi muhimu za taifa hilo.

Kuna hoja mbili ambazo husikika sana hapa kwetu, nazo zinastahili jibu.

Ya kwanza ni kwamba Kiingereza chake ni kigumu, chenye misemo ya mtaani ambayo hata Wamarekani wengine hawaijui, hivyo Mtanzania anayedai kuipenda anajidai tu. Siikubali hoja hiyo. Muziki huingia kwanza kwa sauti na mapigo, na sauti ya Nas katika albamu hii, kavu kidogo, isiyopaza, isiyobembeleza, hubeba maana kubwa kabla ya maneno kueleweka. Maneno yanakuja baadaye kwa kusikiliza na kusoma, nayo kazi hiyo inalipa. Wapo wachanaji wa mji huu waliojifunza kupanga vina kwa kuzirudia nyimbo hizi hadi wakazikariri.

Hoja ya pili ni kwamba albamu ni fupi. Ufupi huo ndio ulioifanya isizeeke. Hakuna wimbo wa redio uliosukumwa ndani kwa shinikizo, wala wimbo wa mapenzi uliowekwa ili kuwafurahisha wauzaji, wala orodha ya marafiki wanaopewa beti kwa kujuana. Albamu nyingi zenye nyimbo 20 zina nyimbo 9 nzuri, na msikilizaji hulazimika kuzitafuta mwenyewe.

Mwisho niseme neno kuhusu Arusha, kwa sababu mji huu una sababu maalumu ya kuithamini Illmatic. Hip hop ya hapa tangu mwanzo imebeba majina ya mitaa. Nako 2 Nako walilifupisha jina la mtaa wa Ngarenaro wakalifanya jina la kundi, na Watengwa waliifanya Kijenge ijulikane kwa watu ambao hawajawahi kufika. X Plastaz, katika albamu yao ya Maasai Hip Hop ya mwaka 2004, walikwenda mbali zaidi kwa kuweka uimbaji wa Kimaasai bega kwa bega na mashairi ya Kiswahili, na matokeo yake ni kazi ambayo isingeweza kutoka mji mwingine wowote duniani. Ninachokikosa katika kazi nyingi za sasa ni hatua inayofuata kulitaja jina. Mtaa hutajwa kwa fahari katika mstari wa kwanza, halafu ubeti uliobaki unazungumzia magari na maadui wasio na sura. Nani anakaa kwenye kibaraza kile? Vifodi, yaani daladala ndogo, vya asubuhi vinabeba akina nani kwenda wapi? Kijana aliyerudi kutoka machimbo ya Mererani mikono mitupu anapokelewaje nyumbani? Hayo ndiyo maswali ambayo Nas angeuliza kama angezaliwa Sombetini, na angeyajibu kwa jina la mtu, rangi ya nguo, na saa ya tukio.

Memory Lane sikuigusa kwa makusudi. Premier aliijenga juu ya kinanda cha Reuben Wilson, na najua humu wapo wanaoiweka juu ya One Love. Ningependa wao waanze, waeleze kwa nini, kisha tuendelee na ubishi wa AZ.